Wamehama, Uliza Pale Mbele

Kwetu Ng'ambo hakuna mtu atakayekueleza njia yote. Ukimuuliza mama muuza karanga nyumba ya fundi redio iko wapi, atanyanyua kidevu, mkono hatauinua, na kusema, "Nenda mpaka kwa yule anayeshona magunia, ukifika pale uliza." Mshona magunia naye anaijua nyumba hiyo vizuri sana, lakini hamalizi. Anakusogeza mpaka kwa muuza mkaa, na muuza mkaa anakusogeza tena. Mgeni hudhani anazungushwa. Sisi tuliozaliwa hapa tunajua kwamba ni adabu: kila mtu anakupa kipande cha njia anachokiona kwa macho yake, kilichobaki anamwachia aliye karibu zaidi. Na mtu akihama huacha neno kwa jirani. "Wageni wangu wakija, waambie niko Cheyo, waulize kwenye mashine ya kusaga." Basi jirani atalitunza neno hilo mpaka lichoke lenyewe.

Nimekua na jambo hili kichwani bila kujua kwamba ninalo, kama mtu anavyokuwa na lafudhi yake. Nilikuja kuligundua ndani ya kompyuta.

Kompyuta yenyewe si yangu. Ni ya duka la stesheneri ninapofanya kazi tangu nimalize kidato cha nne: natoa kopi, naskani vyeti, nawajazia watu nyimbo kwenye memori kadi. Mwenye duka ni mzee mpole anayependa kahawa na kulalamika. Wateja wakipungua saa za jua kali, najifunza kuandika programu. Somo liko kwenye simu, kwa Kiingereza, na Kiingereza changu kinachechemea, kwa hiyo neno moja huweza kunichukua mchana mzima. Sijali. Napenda ule mchana wa Tabora ambao vumbi limetulia, pangaboi linasaga hewa ileile, na mtu anaweza kuota akiwa macho bila kusumbuliwa.

"We mtoto," mzee wa duka hupenda kuniambia, "hiyo mashine ingekuwa mwanamume ungekuwa umeshaolewa."

Mchana mmoja wa namna hiyo aliingia mama mkubwa, dada yake mama, na kifurushi cha matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha ambavyo anajua siwezi kuvikataa.

Lazima niseme kuhusu sauti yake. Mama mkubwa alifanyiwa upasuaji wa uvimbe wa shingo. Kidonda kilipona vizuri, kovu limebaki jembamba kama uzi, lakini sauti haikurudi. Sasa anaongea kwa pumzi tu. Na kuna jambo la ajabu: yeyote anayeongea naye huanza kunong'ona pia. Muuza nyanya ananong'ona. Kondakta ananong'ona. Watu wakipita wanadhani kuna siri kubwa, wanasogea kusikiliza.

"Shikamoo mama mkubwa," nikanong'ona.

"Marahaba. Mbona na wewe? Mimi ndiye niliyekatwa shingo."

Akakaa kwenye kiti cha wateja, akafungua pindo la kanga, akatoa simu yake ya kitochi, ile ya vitufe. Akanionyesha ujumbe wa zamani wenye anwani fupi ya mtandao, fupi kama jina la utani. Nikaijua habari yake. Miaka ya nyuma, kabla ya upasuaji, kikundi cha vijana kilikuwa kinazunguka mitaani kurekodi nyimbo za akina mama, za kutwanga na za kubembeleza. Mama mkubwa aliwaimbia bembelezo la ukoo wetu, lile la Kinyamwezi alilofundishwa na mama yake. Vijana wakaliweka mtandaoni, wakamtumia anwani.

"Hukuwahi kusikiliza?"

"Kwa simu hii? Halafu wakati ule sauti nilikuwa nayo. Ya nini kujisikiliza kwenye simu na mdomo ninao?"

Akacheka bila sauti, mabega tu. Kisha akaacha kucheka.

"Dada yako anakuja Jumapili na mtoto," akasema.

Hapo nikaelewa kila kitu, na matobolwa yakawa mazito mkononi. Dada yangu, mtoto pekee wa mama mkubwa, ameolewa Tura, na alikuwa amejifungua binti, mjukuu wa kwanza. Katika ukoo wetu, siku mtoto mchanga anapoletwa kwa bibi mzaa mama, bibi ndiye anayemwogesha, na wakati anamwogesha humwimbia lile bembelezo. Mimi niliimbiwa. Mama aliimbiwa. Si kwamba mtoto asiyeimbiwa atapatwa na jambo. Ni kwamba hakuna aliyewahi kukosa.

"Dada anaujua wimbo," nikasema. "Anaweza kuimba yeye, wewe ukaogesha."

"Mwanangu yule? Anaimba kama anaita mbuzi. Nampenda, lakini mjukuu wangu asije akaondoka na hofu." Akanigusa goti. "Nitafutie sauti yangu, mwanangu. Nimwimbie mara moja tu."

Nikaiandika ile anwani kwenye kivinjari. Kikazunguka, kikazunguka, kisha kikaandika kwamba ukurasa umenielekeza kwingine mara nyingi mno, kimeshindwa. Basi. Hakikusema kilipita wapi. Kivinjari ni msafiri wa ajabu: anakimbia njia nzima, na akirudi hana la kusimulia.

"Imekataa?" mama mkubwa akauliza.

"Imechoka. Niachie."

Alipoondoka nikakumbuka somo moja nililokuwa nimelisoma nusu. Linasema kwamba kila jibu la mtandao lina kichwa na mwili. Mwili ndio ukurasa tunaouona. Kichwa kinatangulia, kimejitwika maelezo ambayo watu hawayatazami. Ukurasa ukiwa umehama, jibu huja na namba ya kusema hivyo, kisha kichwani huwa na neno Location, yaani mahali, na mbele yake anwani ya kwenda. Mia tatu na moja: tumehama moja kwa moja. Mia tatu na mbili: tumehama kwa muda, tutarudi. Niliposoma hayo nilitabasamu peke yangu. Kumbe hata mashine zinaachiana neno kwa jirani!

Kivinjari husoma neno hilo kimyakimya na kukimbia. Programu nayo hufanya hivyohivyo usipoikataza. Lakini ukiongeza maneno machache kwenye mstari wa kuomba ukurasa, ukaiambia isifuate, itasimama mlangoni, itapokea jibu, na itakuonyesha kichwa chake. Unasoma, unaamua, unaenda mlango wa pili kwa miguu yako mwenyewe.

Nikaandika mistari yangu. Napenda ile dakika baada ya kubonyeza na kabla ya jibu kuja. Nikifumba macho naona ombi langu likitoka dukani limejitwika mzigo, likipita nyuma ya nyumba za udongo, likishika ile njia ya misafara ya zamani wanayosema ilikuwa ikipita hapa, pembe na shanga na watu wakienda mpaka ziwani na kurudi. Mama mkubwa alinisimulia, wakati bado ana sauti, kwamba kiongozi wa msafara akifika njia panda alikuwa anakata tawi bichi na kulilaza kukatiza njia isiyofaa, ili walio nyuma wasipotee. Walio nyuma hawakumwona kiongozi. Waliona tawi. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nalaza vijiti kwenye njia zote za mtaa wetu, watu wakajikwaa, nikachapwa.

Mlango wa kwanza ukajibu: mia tatu na moja, na anwani kamili ya tovuti ya wale vijana. Nikapiga meza kwa furaha, mzee wa duka akamwaga kahawa. Mlango wa pili, wa ile tovuti, nao ukajibu: tumehama. Lakini safari hii neno Location lilifuatwa na kitu kifupi, hakina jina la tovuti hata kidogo. Kilianza na mkwaju, kile kijimstari kilichoinama, kisha kumbukumbu, mkwaju, akina-mama, mkwaju, bembelezo. Hivyo tu. Kama mtu aliyekwambia jina la uchochoro akasahau mji.

Sikusita. Kwenye programu yangu ile anwani fupi ya mwanzo, ya kwenye simu ya mama mkubwa, ilikuwa juu kabisa, nimeipa jina la nyumbani. Nikakiunganisha kipande kile na nyumbani. Jibu likaja upesi mno: mia nne na nne. Hapa hakuna kitu kama hicho.

Nikajaribu tena. Hakuna. Nikaangalia herufi moja moja. Hakuna. Kesho yake pia, hakuna. Nikaanza kuamini kwamba wimbo umefutwa.

Ijumaa mama mkubwa alipita tena. Hakukaa. Alisimama mlangoni na jua nyuma yake, beseni jipya la bluu kichwani, la kumwogeshea mtoto.

"Imepumzika?" akanong'ona. "Ulisema imechoka."

Nikamwambia kwamba naona kama wale vijana wameufuta wimbo. Akatikisa kichwa polepole, beseni halikutikisika.

"Basi nitaogesha kimya. Maji nayo yana sauti."

Alivyosema vile nikaona heri anichape.

Nikamwomba mzee ruhusa. "Nenda, nenda," akasema, "ukikaa hapa utalia juu ya karatasi zangu." Nikaenda kuwatafuta wale vijana wenyewe. Nilikumbuka walikuwa wamepanga chumba upande mwingine wa mji, mbali na kwetu. Mlango ulikuwa na kufuli, na barazani alikaa fundi saa na glasi yake jichoni.

"Wamehama siku nyingi," akasema bila kuinua kichwa. "Wako nyuma ya ghala. Ukifika uliza."

Nikamshukuru nikatoka mbio. Nyuma ya ghala, nani asiyejua? Ghala ni lile la kwetu Ng'ambo, la mabati, ambalo nimecheza kivulini mwake utoto wangu wote. Nikarudi mji mzima chini ya jua lile. Nyuma ya ghala nikamkuta mama mmoja anaanika mpunga.

"Vijana wa kurekodi nyimbo? Hapa?" Akaniangalia kwa huruma. "Mwanangu, nani kakwambia?"

"Fundi saa."

"Fundi saa yupi, wa kule ng'ambo ya reli? Sasa yule akisema ghala anasema lipi, letu au lile analoliona mwenyewe akinyanyua macho? Yeye kakuelekeza kutokea alipokaa, wewe ukaja kutafuta ulipozaliwa!"

Akacheka mpaka kuku wakasogea kwenye mpunga, ikabidi tuwafukuze sote wawili. Mimi nilifukuza kuku nikiwa nimetoa macho, kwa sababu nilikuwa siwaoni kuku. Nilikuwa naona ule mkwaju, kumbukumbu, mkwaju, akina-mama. Kipande kile hakikukosa mji. Mji wake ulikuwa ni wa yule aliyekisema. Mlango wa pili ndio uliosema, "Nyuma ya ghala," na ghala ni lake, lililo mbele ya macho yake. Mimi nikakichukua nikakipeleka kwa anwani ya nyumbani, mlango ambao haujawahi hata kusikia habari za akina mama.

"Asante mama!"

"Hutaki niulizie walipo?"

"Wapo! Wapo palepale walipo!"

Nadhani mpaka leo ananifikiria vingine.

Dukani sikukaa kitini, niliandika nimesimama. Nikabadilisha mstari mmoja tu: anwani isiyo na jina la tovuti iungwe na tovuti iliyoitoa, si ile niliyoanzia. Baadaye nilisoma kwamba ndivyo inavyotakiwa na kila mwenye kazi hii anajua. Mimi nilifundishwa na mwanika mpunga.

Programu ikatoka. Mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa tatu ukasema tumehama, nenda palepale lakini uweke mkwaju mwishoni. Nikaenda wenye mkwaju. Ule ukasema tumehama, nenda palepale bila mkwaju. Nikarudi usio na mkwaju. Weka mkwaju, ukasema.

Nikacheka peke yangu mpaka mzee akaja kutazama.

"Nini?"

"Mzee, ni watu wawili mlangoni. Huyu anasema tangulia wewe, huyu anasema hapana, tangulia wewe. Hakuna anayeingia, na kivinjari kimesimama katikati yao kinazunguka."

"Wana adabu sana," mzee akasema.

"Wamezidisha."

Lakini heshima yao ile ilikuwa imeniachia tawi bichi njia panda. Wote wawili walikuwa wakitaja nyumba moja: kumbukumbu, kisha akina-mama. Kilichokuwa kinazunguka ni chumba cha bembelezo tu. Nikaacha jina la chumba, nikaiomba nyumba yenyewe, mpaka akina-mama na mkwaju wake, nikakomea hapo. Jibu likaja na mia mbili, namba tamu kuliko zote: karibu, ndipo hapa.

Haikuwa na picha wala mapambo. Majina ya mafaili ya sauti tu, yamepangwa moja chini ya jingine kama viatu barazani. Nikafungua la kwanza: akina mama wanatwanga, mchi unagonga, mmoja anakohoa. La pili ni kicheko kirefu na mtu anasema, "Subirini kwanza, mtoto anavuta waya!" Nikafungua lililofuata.

Sauti ile haikuingia dukani kwa kelele. Ilikuwa ya chini, imejaa, na yenye kingo laini kama chungu kilichotumika sana. Nilikuwa nimesahau. Hilo ndilo lililonishtua, kwamba nilikuwa nimesahau kabisa, kwa sababu ile pumzi yake ya sasa ilikuwa imekaa mahali pote. Mteja mmoja mzee, mwenye kofia, aliyekuja kutoa kopi ya cheti, aliteremsha karatasi zake, na wimbo ulipokwisha akasema kwa upole, "Mwangaluka, mayu," kama anayemwamkia kwa Kinyamwezi mama aliyeingia. Hakuwepo mtu.

Jumapili ilikuwa na mawingu mepesi. Dada aliwasili na treni akitokea Tura, amechoka na kuvimba miguu, mtoto amefungwa kwenye kanga ya njano. Cheyo, uani kwa mama mkubwa, beseni la bluu lilikuwa limeshajazwa maji ya vuguvugu, na mama mkubwa amekunja mikono ya gauni. Alikuwa bado hajausikia wimbo. Nilipompelekea siku ile ya Ijumaa alikataa.

"Nitausikia naye," alisema.

Simu yangu nikaiweka juu ya kifuniko cha mtungi. Nikabonyeza.

Mama mkubwa alikuwa ameshamshika mtoto, kiganja kimoja chini ya kichwa. Sauti yake ilipoanza, mkono wenye maji ulisimama hewani. Nikaogopa atalia, mtoto adondoke. Hakulia. Alisikiliza mstari wa kwanza kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni nje ya mlango, akitambua viatu. Halafu akashusha mkono majini na kuanza kuogesha, kiwiko, kwapa, mikunjo ya shingo, taratibu, kwa mwendo wa wimbo. Midomo yake ikawa inaufuata.

Dada aliketi kwenye mkeka ananiminya mkono.

Mtoto kwanza aliitafuta sauti mtungini. Aligeuza macho yale ambayo bado hayajajua kushika kitu, yakaelea huko juu, yakarudi. Kisha yakatua kwenye midomo ya bibi yake inayocheza, yakabaki hapo.

"Mama," dada akanong'ona, "anakutazama mdomoni. Anadhani inatoka hapo."

"Kwani inatoka wapi?" mama mkubwa akasema.

Wimbo ukafika mwisho, simu ikanyamaza. Nikanyoosha mkono niurudishe mwanzo. Mama mkubwa akainua kidole kilicholowa: acha. Akamtoa mtoto majini, akamlaza kwenye paja na kumfunika, akainama karibu naye kabisa. Akaendelea pale simu ilipoishia, kwa pumzi, ile pumzi yake ya siku zote, maneno yaleyale bila sauti chini yake. Na sisi wote uani tukajikuta tunanong'ona naye, dada na mimi na hata jirani aliyechungulia ukutani kuomba chumvi. Mtoto akapiga miayo, akatafuta mdomo ule mara moja zaidi, akalala.